Bamvua moja, ibada tatu: yaliyotukuta kituo cha pweza Mafia

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Nimekaa nikaona kisa hiki nikilete humu. Yote ni ya kweli, nilikuwepo kwa macho yangu. Majina tu ndiyo nimeyageuza, kwa sababu bosi wangu naye ni member humu. Nadhani ni yule anayeingia kila uzi wa magari kutoa ushauri ambao hajaombwa.

Mimi ni mtu wa Mafia, kwetu Baleni. Baleni ni minazi na mihogo. Lakini riziki ni popote, nikajikuta msimamizi wa kituo cha kununua pweza kwenye kijiji kimoja upande wa Ghuba ya Chole. Wenyeji wa pale mpaka leo wananiita Mihogo. Nimeshazoea.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Akina mama wanatoka mwambani na pweza, tunapokea, tunakagua, tunapima, tunatia kwenye barafu, wanasafirishwa. Hapo penye kukagua ndipo penye uzi wangu.

Kampuni ina masharti. Pweza lazima akaguliwe siku ile ile aliyotoka baharini, na anayekagua lazima awe mtu mwenye cheti cha ubora. Pweza akilala bila kukaguliwa, hapokelewi, hata awe mnene vipi. Na kituoni kwetu mwenye cheti ni mmoja tu.

Huyo mmoja nitamwita Eliamani. Mpare, mtu wa makamo, mpole, ana mke na mtoto mchanga. Aliletwa na kampuni kutoka bara.

Wiki ya kwanza mke wangu alimpikia pweza wa nazi, kumkaribisha. Jamaa akashukuru sana, akala wali, pweza akamwacha kama alivyo.

Tukasema labda hajazoea. Akaletewa kamba, hakula. Kaa, hakula. Ngisi, naye akapita salama.

Wakuu, mjue hapo ni kisiwani. Mtu akikataa hivyo vyote, maneno yanaanza. Wengine walisema anajidai. Wengine wakasema anaogopa kulishwa kitu. Mimi nilisema mwacheni, lakini nilikuwa na mashaka yangu.

Mama ntilie wetu, Bi Riziki, ndiye aliyemuuliza. Hana kona kona yule.

"Wewe baba, unakula nini?"

Akasema anakula samaki mwenye mapezi na magamba. Nguruwe hali. Pombe hanywi. Sigara havuti. Chai ya majani na kahawa hanywi pia.

Bi Riziki akatafakari, kisha akatuambia sisi wengine kwamba huyu atakuwa Muislamu aliyepotea njia.

Ndipo tukajua kuna Wasabato. Yaani jina tulikuwa tunalisikia, lakini kisiwani kwetu ukisema Mkristo, watu wanapata picha moja tu: Jumapili, Krismasi, kitimoto. Kumbe kuna Mkristo mwenye masharti ya chakula kutushinda. Nguruwe na pombe vilimpa heshima kubwa kijijini. Kukataa kahawa kulileta wasiwasi, lakini kukazoeleka.

Akatueleza na suala la siku. Kwake siku ya ibada ni Jumamosi, hafanyi kazi kabisa, na inaanza Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama.

Bosi wetu wa Dar, ambaye ni Mkristo na mzee wa kanisa, alipokuja kuelezwa hilo baadaye aliuliza mara mbili. Jumamosi inaanzaje Ijumaa?

Pale kituoni hakuna aliyeuliza. Kwetu sisi usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishazama, hata mtoto wa madrasa anajua. Bi Riziki alisema tu, "Kumbe na yeye siku yake inaingia magharibi," akaendelea kumenya mihogo.

Basi tukaishi hivyo. Ijumaa mchana sisi tunakwenda msikitini, yeye anabaki kituoni. Jumamosi yeye anapumzika, na kwa kuwa tulipanga na akina mama wasilete pweza siku hiyo, hakuna aliyeumia. Bosi hakujua, na hakuuliza, kwa sababu hesabu za wiki zilikuwa zinaenda vizuri.

Sasa likaja suala la kufungua mwamba.

Kwa msio watu wa pwani: kijiji kinaweza kuufunga mwamba, mtu asiguse pweza pale kwa miezi kadhaa ili wakue. Siku ya kuufungua ni kubwa. Kijiji kizima kinakwenda. Pweza wanaotoka siku hiyo si wa mchezo, na ni kituo chetu kinachopokea.

Na siku yenyewe haichaguliwi ovyo. Lazima iwe bamvua, yale maji yanayotoka mbali mpaka mwamba unabaki mkavu na watu wanatembea juu yake. Bamvua hukaa siku chache tu, kisha yanarudi maji mafu, na hapo mwamba unabaki chini ya maji na nyinyi mnabaki ufukweni mnautazama.

Safari hii bamvua zuri liliangukia Ijumaa.

Kamati ya mwamba, upande wa wanaume, ikasema Ijumaa haiwezekani, watu wanaswali. Maji yatakauka karibu na wakati wa kwenda msikitini. Isogezwe Jumamosi.

Nikampigia bosi. Akakubali palepale. Akasema kampuni inaheshimu imani za watu, tena ni sera, imeandikwa. Akasema Jumamosi atakuja mwenyewe na wageni.

Nikamwambia bosi, Jumamosi mkaguzi hayupo. Anasali.

Akaniuliza:

"Anasali wapi Jumamosi? Si ni Mkristo?"

Nikamweleza. Akasema yeye Mkristo tangu kuzaliwa na siku ya Bwana ni Jumapili. Nikamwambia mimi bosi hapo siwezi kuingia, mtayamaliza wenyewe huko juu. Mimi nasema tu kwamba mkaguzi Jumamosi hayupo.

Nikapendekeza Jumapili. Akasema Jumapili ana zamu kanisani, hawezi kuwepo, na ufunguzi bila yeye haufai.

Nikauliza kamati kuhusu Jumatatu. Wakanitazama kama mtu wa mihogo. Jumatatu maji yatakuwa yameshaanza kufa.

Kwa hiyo wakuu nikabaki na bamvua moja ambalo Waislamu wamechukua Ijumaa, Msabato kachukua Jumamosi, bosi kachukua Jumapili, na iliyobaki ni ya pweza wenyewe.

Bosi akakata shauri. Ufunguzi ni Jumamosi. Mkaguzi asipofika kazini, Jumatatu analeta mwengine na huyu arudi kwao.

Ujumbe huo nilipewa mimi niufikishe. Hapo nilikasirika, sitaficha. Kutumwa maneno ya kumfukuza mtu ambaye hajakosea kitu ni kazi mbaya, na haimo kwenye mkataba wangu.

Nilimkuta Eliamani anaosha meza. Nikamwambia yote.

Akasema, "Kaka, kazi ya Tanga niliiacha kwa sababu hii hii. Hii naipenda, na mke wangu ndiyo kwanza amezoea hapa. Lakini Jumamosi siji."

Hakupandisha sauti. Akaendelea kuosha meza, tena akarudia ile ile aliyokwisha kuiosha.

Nikaenda kwa Bi Mwanahawa.

Huyu ndiye mwenyekiti wa kamati. Ni mama mtu mzima, anakwenda mwambani na fimbo yake tangu mimi sijazaliwa. Kikao cha kusogeza siku hakuhudhuria, alikuwa msibani. Nikampa shikamoo, akanipa marahaba, nikamweleza kwamba Ijumaa imeshindikana watu wanaswali, na Jumamosi ina matatizo haya na haya.

Akaniuliza, "Watu gani wanaswali?"

Nikasema watu, Bi mkubwa. Swala ya Ijumaa.

Akaniambia nimwitie kikao.

Kikao kikakaa jioni ile, barazani kwake. Wanaume wa kamati walikuwepo, akina mama wa pweza walikuwepo, na Sheikh Kombo, imamu wetu, ambaye kwa udogo wa kijiji ndiye pia anayeadhini.

Bi Mwanahawa hakuzunguka.

"Mwambani tunakwenda nani? Sisi. Msikitini Ijumaa mnakwenda nani? Nyinyi. Mimi Ijumaa naswali adhuhuri yangu nyumbani, na nyingine nimeswali huko huko kwenye fungu la mchanga, pweza pembeni. Sasa mmesogeza siku kwa ajili ya swala yetu, nani alituuliza?"

Wanaume wakamtazama Sheikh Kombo. Nadhani walitegemea msaada.

Sheikh akasema kweli, mwanamke haimlazimu swala ya Ijumaa. Aliye mwanamume na atoke majini mapema akaswali, bahari haikimbii.

Mmoja akasema sasa akina mama si watawamaliza pweza wote sisi tukiwa msikitini? Hapo ndipo nikajua shida yenyewe ilikuwa wapi.

Bi Mwanahawa akamjibu, "Na nyinyi mnapokwenda na mashua kina kirefu, sisi tunakuwa wapi?"

Jamaa akaangalia kandambili zake. Ikapita. Ufunguzi ni Ijumaa.

Mnadhani bosi alifurahi? Alikataa. Akaniambia hapana, kampuni haiwezi kuwadharau Waislamu, Ijumaa ni siku yao tukufu, ataonekanaje. Nikamwambia bosi, Waislamu wenyewe ndio wamepanga. Akasema nisimletee maneno.

Ikabidi nimpe simu Sheikh Kombo. Imamu akasimama barazani anamshawishi mzee wa kanisa kwamba Ijumaa inafaa kufanya kazi. Nimeishi miaka yangu yote kisiwani, hilo sikuwahi kuliona.

Bosi akakubali, lakini kwa sharti. Wageni wake walishapangiwa Jumamosi kwa hiyo yeye haji, lakini pweza wote wa siku hiyo waingie kwenye barafu wakiwa wamekaguliwa. Akibaki hata mmoja kwa sababu ya jua la huyo bwana, basi huyo bwana kazi hana.

Nikamfikishia Eliamani. Akasema sawa.

Siku ikafika.

Bi Mwanahawa akapuliza filimbi, akina mama wakaingia mwambani. Sitaeleza sana, maana mimi nilikuwa kituoni na barafu yangu. Ila ilipokaribia saa sita ndoo zilianza kuja, na hazikuacha kuja.

Muda wa swala ulipofika nikaenda msikitini nikamwacha Eliamani na akina mama na mizani. Niliporudi sikuuona mlango wa kituo. Palikuwa na ndoo, mabeseni, matenga, na watu nyuma yake.

Kukagua pweza si kutazama tu. Unamgeuza, unaangalia rangi, unanusa, unashika mikono yake uone kama bado imekaza, mdogo unamweka kando. Mmoja mmoja. Eliamani alikuwa anakwenda haraka, lakini hakuruka hata mmoja. Nilitamani aruke. Sikusema.

Bosi akapiga simu. Tumefika wapi? Nikasema tunaendelea.

Akapiga tena.

Ilipopita alasiri foleni ilikuwa bado ndefu na vivuli vya minazi vimeshafika kwenye mizani. Nikaanza kupiga hesabu kichwani na hesabu ilikuwa inakataa.

Wale wanaume walionuna kikaoni wakatoka kuswali alasiri. Nilidhani wanapita kwenda kwao. Wakaingia kituoni, wakakunja mikono ya kanzu. Sheikh Kombo naye. Hakuna aliyewaomba.

Wakawa wanaosha pweza kwa maji ya bahari, wanawapanga mezani, mikono imenyooshwa, ili Eliamani asipoteze muda kuwatoa kwenye ndoo. Yeye anapita tu anasema pita, pita, huyu kando, pita. Bi Riziki akamletea maji, akamnywesha mwenyewe kwa sababu mikono yake ilikuwa michafu.

Ndipo mambo yakaanza kwenda.

Lakini jua nalo lilikuwa linakwenda.

Kumbukeni Sheikh Kombo ndiye muadhini. Kwa hiyo hatukuhitaji saa. Alipoweka chini pweza aliyekuwa naye na kuanza kunawa, kituo kizima kilimwona. Mtu mmoja akamwambia, Sheikh, leo jikongoje kidogo njiani.

Sheikh akajibu, "Mimi nakwenda kutangaza tu. Jua sikulizamisha mimi."

Akaenda zake, kwa mwendo wake wa kila siku.

Eliamani akaongeza kasi. Mezani pakaisha. Akamwagiwa ndoo nyingine, ikaisha. Nyingine, ikaisha. Pembeni ikabaki ndoo moja, ya Bi Mwanahawa, aliyekuwa amekaa mwisho kabisa wa foleni. Na ilikuwa ndoo ya kweli, imejaa mpaka juu.

Adhana ikatoka.

Eliamani akasimama. Akavua glavu. Mke wake alikuwa ameshafika mlangoni, kavaa vizuri, mtoto begani, na uso wake ulikuwa unaonyesha kwamba anaijua hali yote.

"Bi mkubwa, nisamehe," akasema.

Na simu ikaita.

Nikaiweka loudspeaker kwa sababu mikono yangu ilikuwa na barafu. Nimeshalijutia hilo na nimeshalishukuru.

"Wameisha?"

Nikasema imebaki ndoo moja, bosi.

"Basi amalizie. Ndoo moja ni kitu gani? Mwambie amalizie aende akasali. Na asipomalizia, tulishakubaliana."

Adhana ilikuwa inaendelea. Eliamani alikuwa anatazama ile ndoo, na mimi nilimwona mke wake akihamisha mtoto kutoka bega moja kwenda jingine. Wakuu, moyo uliniuma. Ndoo ile ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Na yeye hakuinua glavu.

Bi Mwanahawa akanyanyuka, akachukua simu yangu mezani.

"Shikamoo mama," bosi akasema alipomsikia.

"Marahaba mwanangu. Adhana imetoka."

"Nimeisikia mama, lakini huyo ni Mkristo. Adhana haimhusu."

"Inamhusu. Siku yake imeingia. Angekuwa mwanangu mimi anakwenda kuswali magharibi, ungemwambia amalizie ndoo?"

Bosi akarudi kwenye sharti lake. Akasema, "Lakini mama, sisi tulikubaliana pweza wote waingie."

"Wote wanaouzwa. Ndoo hii yangu, na mimi siuzi."

Akanirudishia simu. Akainua ndoo yake, akajitwika kichwani, akatoka nayo.

Bosi akaniuliza mimi sasa, kwa sauti ya chini kidogo, imebaki ndoo ngapi isiyokaguliwa.

Nikatazama sakafuni. Nikamwambia hakuna.

Eliamani akaenda kwake na mkewe, sisi tukaenda kuswali.

Hiyo ilikuwa kazi ya mama yule ya miezi yote ambayo mwamba ulifungwa, wakuu. Alikwenda kugawa pweza kwa majirani, nyumba kwa nyumba, ndoo ikarudi tupu.

Eliamani bado yupo kazini. Bosi hakusema neno juu ya suala hilo tena, ila ratiba ya ufunguzi uliofuata aliileta kwanza kwa kuuliza siku gani haimfai nani. Aliandika hivyo kwenye meseji, ninayo.

Somo nililopata mimi. Makazini tunadhani tukishapeana Idi na Krismasi tumemaliza suala la dini. Bosi wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaheshimu Uislamu aliouwaza yeye, na Ukristo anaouishi yeye. Na sisi wanaume wa kijiji tulisogeza siku kwa ajili ya swala ya akina mama ambao hawakuwa wanakwenda msikitini. Kote huko hakuna aliyemuuliza mhusika mwenyewe.

Kuna kitu kilinikera siku nyingi, nikamwendea Bi Mwanahawa. Nikamuuliza, Bi mkubwa, wewe ulitoka mwambani miongoni mwa watu wa mwanzo, nilikuona. Ilikuwaje ukawa wa mwisho kwenye foleni?

Akanitazama kama mtu asiyejua hata mihogo.

"Jua nilikuwa naliona. Niliona wa mwisho hatafikiwa. Angekuwa mwengine, angedai haki yake, na ingekuwa haki yake kweli. Nikakaa mimi."



Haya, uwanja wenu. Kama kazini kwenu kuna mtu wa siku tofauti na yenu, mnajipangaje? Nani kwenu anakaa mwisho wa foleni? Wa kunitukana apange foleni pia, nitawakagua mmoja mmoja, ila Ijumaa mchana sipo.